Ngitiri ya Mtoni na Mkutano Ambao Haukufanyika

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyoolewa. Nilisimama mbele ya kijiji kizima, jua la asubuhi likinipiga usoni, mkononi nimeshika karatasi niliyoitengeneza mwenyewe kwa wembe na uji, na watu wananitazama wakisubiri niwaambie kwa nini nimewaita. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Hadi leo nikiona trekta barabarani pale Bariadi, naikumbuka karatasi ile.

Nimesikia wamekuchagua mjumbe wa halmashauri ya kijiji chenu. Hongera. Mama yako, huyo mdogo wangu, kanipigia simu mara mbili, ya kwanza kunipa habari, ya pili kuhakikisha nimeisikia. Picha zako nimeziona pia, umefungwa vitenge hadi shingoni na umeshika maikrofoni kama mtu aliyezaliwa nayo. Sasa kaa chini nikusimulie, maana mimi nami nilianza kwa vigelegele hivyohivyo, na sikuchukua hata mwaka kuharibu.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Bariadi. Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Nyumba zilipangwa kwa mistari, kila kaya ilikuwa na shamba lake dogo, na juu ya hayo palikuwa na shamba la kijiji tulilolima wote, pamba yake ikajenga madarasa na zahanati. Kuamua mambo kulikuwa kwa ngazi mbili. Kulikuwa na halmashauri, wajumbe ishirini na watano tuliochaguliwa na wenzetu kwa kujipanga mistari nyuma yetu, tukikaa kila baada ya wiki mbili kupanga kazi. Na juu yetu kulikuwa na mkutano mkuu, yaani watu wazima wote wa kijiji, wake kwa waume, wanaokaa uwanjani na kuamua mambo makubwa kwa midomo yao: ardhi, sheria ndogondogo, nani aingie halmashauri na nani atoke. Wazee waliuita mkutano huo dagashida, kwa jina la baraza lao la zamani, na walipenda kusema kwamba serikali imeukuta upo, imeongeza daftari tu.

Daftari hilo nilikuwa nalo mimi. Nilikuwa karani wa halmashauri. Nilimaliza darasa la saba, mwandiko wangu ulikuwa umenyooka, na baba yangu alikuwa akiwaonyesha wageni kurasa zangu hata kama wageni wenyewe hawajui kusoma. Nisikufiche, kichwa kilinivimba. Nikaanza kuwaona wasiojua kusoma kama watu wanaotuchelewesha.

Mikutano mikuu ndiyo iliyonichosha hasa. Jambo ambalo halmashauri ililimaliza kwa saa moja, likifika uwanjani lilikula siku nzima. Na aliyelikula zaidi ya wote alikuwa mzee Luhende, mwenye ng'ombe wanne na maswali yasiyo na idadi. Atauliza, atajibiwa, atakaa, atavuta ugoro wake taratibu, kisha atasimama kuuliza lilelile kutokea upande mwingine. Mimi na kalamu yangu tulikuwa tukimwombea usingizi.

Mwaka ule mvua za kwanza zilipoanza, ikaja barua kutoka wilayani kwamba kijiji kiongeze shamba lake la pamba, na kwamba trekta la kulimia litafika wiki inayofuata. Halmashauri ikakaa. Tukatafuta mahali, na macho yetu yote yakaenda kwenye ngitiri ya mtoni.

Huenda kwenu mmeshazisahau ngitiri, basi nikueleze. Ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza. Hakuna ng'ombe anayekanyaga humo masika yote, majani yanakua hadi yanamfikia mtu kiunoni, na kiangazi kikikaza, huku kwingine kote kumebaki vumbi, ndipo ngitiri inafunguliwa. Wenye ng'ombe mia wanaweza kuwapeleka mbali wakatafuta majani na maji. Mwenye ng'ombe wanne hana vijana wa kuwapeleka kokote. Huyo anaishi kwa ngitiri. Wajumbe wengi wa halmashauri walikuwa na makundi makubwa, kwa hiyo ngitiri ile ikilimwa isingewauma sana, na mimi nilikuwa sina hata mbuzi.

Tukakubaliana ilimwe. Lakini ardhi haikuwa mali ya halmashauri kuamua, ilitakiwa mkutano mkuu. Mwenyekiti wetu, mzee Maduhu, mtu mwema lakini mwenye haraka, akaitisha mkutano Jumanne, wakaja watu kidogo, akidi haikutimia. Akaitisha tena Ijumaa, wakaja wachache zaidi. Watu walikuwa mashambani wakipanda mtama. Tukabaki ofisini wawili, trekta linakuja Jumatatu, na Maduhu ananiuliza tufanyeje.

Angeweza kulitoa yeye wazo lile, mwanangu, na leo ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Lilitoka kwangu. Siku kumi kabla ya hapo tulikuwa tumegawa mbegu za pamba, na kila aliyepokea aliweka dole gumba kwenye orodha. Kijiji karibu chote kilikuwa humo. Nikamwambia Maduhu kwamba watu ni walewale, walituchagua wenyewe, na wangekuja wangekubali tu. Nikachukua wembe nikakata kichwa cha karatasi kilichosema ni orodha ya mbegu. Nikaandika kichwa kingine kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba hawa ndio waliohudhuria mkutano mkuu wa Ijumaa na kukubali ngitiri ya mtoni iwe shamba la pamba. Nikakibandika kwa uji. Maduhu akaitazama karatasi muda mrefu, kisha akasema ni nadhifu. Tukatuma taarifa wilayani kwamba kijiji kimekubali, na orodha ikabaki kwenye faili ili bwana mkubwa wa wilaya aione akija na trekta.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, mzee Luhende akaja ofisini. Nilikuwa peke yangu.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwangaluka, guku," nikamjibu, yaani babu.

Akakaa kwenye benchi. Akasema ameona watu wa halmashauri wakipigilia vigingi ndani ya ngitiri, na anapenda kuuliza ni mkutano gani ulioamua. Nikamwambia ni wa Ijumaa. Akaomba aione karatasi yake. Ilikuwa haki ya kila mwanakijiji kuona karatasi za kijiji, nami nikampa bila wasiwasi wowote, maana nilijua hajui kusoma. Hilo ndilo linalonitia aibu hadi leo kuliko hata wembe.

Akaiweka juu ya meza, akaanza kupitisha kidole chake polepole, mstari kwa mstari, bila kugusa maandishi. Alikuwa akitazama alama za wino tu. Karatasi ya pili, karibu na mwisho, akasimama. Luhende aliwahi kubanwa dole gumba la kushoto na kamba ya fahali, likabaki na kovu lililolipasua katikati. Pale kwenye wino palikuwa na alama yenye mstari mweupe katikati. Akaliweka dole lake kando ya ile alama, akaniangalia.

"Ijumaa mimi nilikuwa Lamadi kwa binti yangu," akasema. "Huyu Luhende aliyekuja mkutanoni ni nani?"

Nikajaribu kujitetea. Kwanza nikasema waliitwa mara mbili na hawakuja. Akanijibu kwamba tuliwaita siku za kupanda, na kwamba kama ningekuwa na shamba langu ningelijua hilo bila kuambiwa. Nikasema basi ndiyo maana wana halmashauri, walituchagua tuwaamulie. Hapo akakunja mikono juu ya fimbo yake. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Tuliwachagua mfanye kazi tusiyoweza kuifanya wote kwa pamoja," akasema. "Kupima shamba, kuandika, kwenda wilayani, hizo ni zenu. Lakini kusema ngitiri ilimwe au isilimwe, hilo tunaliweza wenyewe. Mayu, mimi nilisimama kwenye mstari wako ili ushike kalamu ya kijiji. Kidole changu sikukupa."

Akainuka. Nikamwomba asiniseme. Akanijibu kwamba hana mpango wa kunisema, nina mdomo wangu, na trekta linakuja keshokutwa. Kisha akaniaga vizuri, akaenda zake.

Nikakimbilia kwa mzee Maduhu. Yeye akaniambia nitulie, kwamba nikifungua mdomo tutaondoka wote wawili na huenda tukashtakiwa, na kwamba Luhende ni mzee mmoja tu. Nikarudi nyumbani nikasonga ugali, nikashindwa kuula. Nilianza kuhesabu kichwani nyumba za watu wenye ng'ombe wachache, nikaona ni nusu ya kijiji, na wote hao vidole vyao nilivichukua mimi. Niliogopa sana, mwanangu, sitaki udhani nilikuwa jasiri. Nilitamani niugue.

Jumapili asubuhi nikaenda mbele ya ofisi. Palikuwa na rimu ya gari iliyotundikwa, tukiigonga kwa mkutano, kwa msiba, au ng'ombe wakiibwa. Niliigonga hadi mkono ukafa ganzi. Watu wakaja mbio, wanaume na fimbo na mikuki, wanawake wakiwa na udongo wa shamba miguuni, kila mmoja anauliza ng'ombe wa nani. Kwa mara ya kwanza mwezi ule akidi ikatimia, tena ikapita. Siku nyingine ningecheka.

Nikanyanyua karatasi ile.

"Mkutano wa kukubali ngitiri ilimwe haukufanyika," nikasema. "Vidole hivi ni vya siku ya mbegu. Mwenyekiti alijua, lakini aliyekata na kubandika ni mimi."

Pakalipuka kelele ambazo sitazirudia hapa. Mama Holo, mjane wa jirani yetu aliyekuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, akapita mbele akaniuliza kama na kidole chake kimo. Nikamwambia kimo. Hakunitukana. Alirudi akakaa mahali pake akanipa mgongo, na hilo liliniuma kuliko matusi yote ya asubuhi ile.

Maduhu akasimama akasema jambo hili litashughulikiwa na halmashauri, watu warudi mashambani. Hakuna aliyeinuka. Hapo Luhende akaomba kusema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikumwombea usingizi. Akasema kuna mambo mawili na yasichanganywe: kwanza ngitiri, halafu karani. Na kuhusu ngitiri, akasema yeye hapingi pamba, maana darasa la wajukuu zake lilijengwa kwa pamba. Ila halmashauri ilileta jibu moja wakati kazi yake ilikuwa kuleta machaguo. Basi wajumbe waende nyuma ya ofisi sasa hivi, wao wanaojua vipimo vya ardhi, warudi na sehemu nyingine. Kijiji kinasubiri.

Tukaenda. Kule nyuma ya ofisi tulifanya kazi ya kweli kuliko yote tuliyoifanya mwaka mzima, kwa sababu tulisikia watu wakikohoa upande wa pili wa ukuta. Tukarudi na sehemu mbili. Moja ilikuwa mbuga ya udongo mweusi upande wa kaskazini, ngumu kulima. Nyingine ilikuwa ardhi iliyolala bila kulimwa kwa miaka kadhaa, mikononi mwa kaya nne kubwa, mojawapo ya Maduhu mwenyewe. Watu wakauliza maswali hadi jua likawa kichwani. Ukubwa, maji, nani atapoteza nini. Kisha wakapanga mistari, mstari wa ngitiri, mstari wa mbuga, mstari wa ardhi iliyolala. Ardhi iliyolala ikashinda kwa mbali. Ngitiri ikabaki imefungwa.

Halafu ikaja zamu yangu. Mstari wa kulia, karani aondolewe. Mstari wa kushoto, abaki. Upande wa kushoto walisimama baba, mama na shangazi yangu mmoja ambaye alikuwa hasikii vizuri, na nadhani alikosea mstari. Upande wa kulia ulizunguka uwanja. Nikautazama nikitafuta uso mmoja, nikaamini kwamba angalau yeye angenionea huruma. Mzee Luhende alikuwa wa tatu kutoka mbele.

Nililia palepale. Mkutano ulipokwisha akanifuata, akasimama kando yangu mpaka nikanyamaza.

"Umesema kweli, na kusema kweli ni vizuri," akaniambia. "Kalamu tumeichukua hata hivyo. Tukikuachia, atakayefuata atajua kuomba radhi kunatosha."

Jumatatu trekta likafika na bwana mkubwa wa wilaya. Alipoambiwa sehemu imebadilika alifoka sana, akataka kujua nani kaamua. Nami nimpe Maduhu sifa yake hapa, kwa sababu aliyekuwa na ardhi ya kupoteza alikuwa yeye. Alimjibu kwamba kijiji kimeamua, na muhtasari upo. Karani mpya akausoma kwa sauti mbele ya watu wote waliokuwa wamesimama njiani, na bwana mkubwa akaona ukubwa wa shamba ni uleule aliouagiza. Akapanda gari lake bila kuaga. Trekta likageuka. Kuanzia siku ile hakuna muhtasari uliopelekwa popote kabla haujasomwa uwanjani, na yeyote alikuwa na ruhusa ya kusema hapo hapakuandikwa sawa.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kibaya. Ng'ombe walikufa vijiji vya jirani, njia nzima ilinuka. Kwetu ngitiri ya mtoni ilifunguliwa siku iliyopangwa na mkutano, na halmashauri ikasimamia zamu za kuingia, wenye ng'ombe wachache wakitangulia. Ng'ombe wanne wa Luhende walivuka kiangazi wote. Wa Mama Holo pia. Miaka mitatu baadaye wakanichagua tena, safari hii mjumbe wa kawaida asiye na kalamu, na Luhende alisimama kwenye mstari wangu kama vile hakuna kilichowahi kutokea.

Sasa nikuambie kwa nini nimekusimulia. Mashamba yale ya ujamaa yamekwisha, kila mtu analima pamba yake. Lakini Katiba bado inasema nchi yetu ni ya ujamaa na kujitegemea, na usidhani ni maneno ya kupamba tu. Ardhi ya kijiji bado ni ya kijiji. Mkutano mkuu bado una sauti juu ya ardhi hiyo, na wewe na wenzako bado mnatakiwa kurudi kwake. Atakuja mtu na gari zuri na ramani, atawaambia halmashauri mkisaini leo kazi inaanza kesho. Mwambie asubiri. Akikasirika, mwache akasirike. Mimi nimemwona mkubwa akikasirika na jua likazama kama kawaida.

Wenzako wengine watakwambia siku hizi hakuna haja ya wajumbe, kila jambo lipigiwe kura kwenye kundi la simu. Hao nao wakatalie. Simu ni nzuri kwa kuitana. Lakini nusu ya watu wako hawana bando, na kura isiyotanguliwa na maswali ni kelele tu. Lazima wawepo watu wa kukaa na kupima, kuandaa machaguo mawili matatu, kuyabeba hadi wilayani na kurudi na majibu. Ndiyo kazi waliyokupa. Ifanye kwa bidii, uifanye vizuri, kisha uilete uwanjani ujue wanaweza kuikataa.

Usiwaite siku ya kupanda. Usichoke na yule anayeuliza mara tatu, mara nyingi ndiye anayeumia. Muhtasari usomwe kwa sauti. Na usije ukasema unajua wangetaka nini, hata kama kweli unajua. Waulize.

Najua utakosea mahali fulani, sote tunakosea. Siku hiyo gonga kengele mwenyewe kabla hujagongewa. Wakijipanga mistari kukuondoa, nami nikiwa hai nitakuja, hata kwa bodaboda na mgongo wangu huu. Nikiona umewanyang'anya sauti yao, nitasimama kwenye mstari wa kukuondoa, tena mbele, nikiwa nakupenda vilevile. Kisha nitakuja kusimama kando yako mpaka unyamaze.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio mapana na mdomo usioogopa wakubwa. Watu wako wakukatalie bila hofu na wakukubalie bila kusukumwa, na mvua ikinyesha kwenu, inyeshe juu ya kila nyumba.